Viungo vya Boole na Utafutaji wa Matini Kamili: Tatizo la Majina ya Mbulu na Hanang katika Kanzidata

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa historia, fasihi simulizi au sheria anayeandika neno moja katika kanzidata ya matini hupata jibu kwa muda mfupi sana. Wepesi huo una hatari yake. Kanzidata ikijibu kwamba hakuna kilichopatikana, ni rahisi kuamini kwamba hakuna kilichoandikwa. Na ikitoa hati tatu zinazofaa, ni rahisi kuamini kwamba hizo tatu ndizo zote. Imani zote mbili mara nyingi si za kweli, kwa sababu mashine haitafuti maana bali hulinganisha mfuatano wa herufi.

Makala haya yanachunguza matumizi ya viungo vya Boole katika utafutaji wa matini kamili, yaani utafutaji unaopitia kila neno la hati badala ya kichwa chake au maneno teule tu. Mifano inatoka katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, lugha za asili tofauti zinakutana hapo: Kiiraqw ambacho ni cha Kikushi, Kidatooga ambacho ni cha Kiniloti, Kihadza cha bonde la Yaeda, pamoja na lugha za Kibantu. Pili, watu na mahali pa eneo hili wameandikwa kwa majina na tahajia nyingi. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la Boole haliwezi kuwa bora kuliko ujuzi wa historia na sarufi uliotiwa ndani yake.

2.0 Misingi ya Viungo vya Boole

Viungo hivi vimepewa jina la George Boole (1815–1864), mwanahisabati Mwingereza aliyefundisha Cork, Ayalandi, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1854 kuhusu kanuni za fikra kilionyesha kwamba hoja za mantiki zinaweza kuandikwa na kukokotolewa kama aljebra. Karne moja baadaye wazo hilo lilihamia katika mashine za kutafutia maandishi. Viungo vya msingi ni vitatu, navyo katika makala haya vitaandikwa NA, AU, na SI. Katika kanzidata nyingi mtafutaji huandika AND, OR na NOT. Nyingine hutumia alama: PostgreSQL hutumia &, | na !, ilhali MySQL katika hali yake ya Boole hutanguliza alama + kwa neno la lazima na alama - kwa neno linalokataliwa.

Kila neno linalotafutwa huwakilisha seti ya hati zenye neno hilo. NA hubakiza hati zilizo katika seti zote mbili, hivyo hupunguza matokeo. AU hukusanya hati zilizo katika seti yoyote kati ya hizo, hivyo huongeza. SI huondoa hati zote zenye neno lililotajwa.

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili hukosea mara ya kwanza. Mtu akisema anataka "maandishi kuhusu Mbulu na Hanang", kwa kawaida anakusudia maandishi yanayohusu Mbulu, yanayohusu Hanang, na yanayohusu zote mbili. Akiandika Mbulu NA Hanang, mashine itampa hati zile tu zinazotaja majina yote mawili. Alichokusudia ni Mbulu AU Hanang. Kwa maneno mengine, "na" ya mazungumzo mara nyingi ni AU ya mashine. Vivyo hivyo, "au" ya mazungumzo hutenga: anayeulizwa kama atakunywa chai au kahawa hatarajiwi kujibu kwamba atakunywa vyote. AU ya Boole haitengi; hati yenye maneno yote mawili nayo huingia.

Jambo la pili ni utangulizi wa viungo. Katika mifumo mingi SI hutekelezwa kwanza, kisha NA, na AU mwisho. Swali Mbulu AU Hanang NA malisho litasomwa kuwa: hati zote za Mbulu, za malisho na zisizo za malisho, pamoja na zile za Hanang zinazotaja malisho. Mifumo mingine husoma kutoka kushoto kwenda kulia na kutoa jibu tofauti. Mabano huondoa utata huo: (Mbulu AU Hanang) NA malisho.

3.0 Faharasa na Umbo la Neno la Kiswahili

Kanzidata haisomi hati zote upya kila inapoulizwa. Huandaa mapema faharasa ambamo kila neno limeorodheshwa pamoja na hati linamopatikana. Katika mifumo mingi orodha hiyo hupangwa kwa kufuata herufi za mwanzo, kama kamusi. Mwenye kamusi hupata haraka maneno yote yanayoanza na "ba-", lakini kupata yote yanayoishia na "-aig" kutamlazimu apitie kurasa zote. Ndiyo sababu kanzidata nyingi hukubali alama ya nyota mwishoni mwa neno na kuikataa mwanzoni.

Mpangilio huo uliwafaa wasemaji wa lugha ambazo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Neno la Kiswahili hubadilika pande zote mbili, na mabadiliko ya ngeli na ya upatanisho wa kitenzi huja mwanzoni. Nyota husaidia katika malisho*, ambayo hupata malisho na malishoni. Haisaidii katika hamish*, kwa sababu walihamishwa, wamehamishwa na kuhamishwa yote huanza na herufi nyingine. Majina ya watu yana tabia hiyohiyo: Barabaig* haipati Mbarabaig, Wabarabaig wala Kibarabaig, na Mbulu* haipati Wambulu wala Kimbulu. Mtafutaji asiyetambua jambo hili hukosa hasa hati za Kiswahili na kubaki na za Kiingereza, ambazo huandika jina bila kiambishi. Hivyo sauti ya wenyeji walioandika kwa Kiswahili hupotea bila mtu yeyote kukusudia.

Zipo tiba za kitaalamu. Mfumo wa SALAMA, uliobuniwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huchanganua umbo la neno la Kiswahili na kulirejesha kwenye shina lake. Kanzidata iliyochanganuliwa hivyo huweza kutafutwa kwa shina badala ya umbo. Hata hivyo, mchanganuzi hutegemea leksikoni yake, na jina la kabila au la kijiji lisilokuwamo humshinda. Katika kanzidata za kawaida ambazo hazikuandaliwa kwa ajili ya Kiswahili, tiba iliyobaki ni kuorodhesha maumbo na kuyaunganisha kwa AU.

4.0 Majina, Tahajia na Mipaka

4.1 Majina ya watu

Watu wanaojiita Iraqw wameandikwa pia Iraku, Wairaqw na Wambulu. Jina la mwisho linatokana na mahali na ndilo linalosikika zaidi katika Kiswahili cha kila siku. Wadatooga wameandikwa Datoga, Tatoga, Tatog na Taturu. Barabaig ni kundi mojawapo la Wadatooga, lakini waandishi wengi wamelitumia jina hilo kana kwamba ni la Wadatooga wote. Katika magazeti na barua za serikali huonekana zaidi jina Mang'ati, lenye asili ya Kimaasai na maana ya adui. Wahadzabe nao waliitwa Watindiga au Wakindiga.

Majina haya si visawe kamili. Hati inayotumia Mang'ati kwa kawaida inamtazama Mdatooga kutoka nje, na mtafiti ana haki ya kutolitumia jina hilo katika maandishi yake. Hana budi kulitumia katika swali lake. Akiliacha kwa sababu ya heshima, atakosa hati zile hasa ambamo heshima hiyo ilikosekana, nazo huenda ndizo ushahidi muhimu kuliko wote.

4.2 Alama na herufi

Tahajia ya Kiiraqw iliyotumiwa na Maarten Mous katika sarufi yake ya mwaka 1993 huandika sauti moja ya koromeo kwa mkwaju (/) na nyingine kwa hh. Kwa mwanaisimu mkwaju huo ni konsonanti. Kwa kanzidata nyingi ni alama ya uandishi inayotenganisha maneno, hivyo neno lenye mkwaju katikati huvunjwa vipande viwili. Waandishi wengine huweka ritifaa mahali pa mkwaju huo, na wengine huacha alama yoyote.

Ritifaa ina matatizo yake katika Kiswahili pia. PostgreSQL kwa kawaida huichukulia kuwa mpaka, hivyo ng'ombe huhifadhiwa kama ng na ombe. Swali likivunjwa kwa njia ileile, hasara si kubwa. Hasara hutokea pale hati moja inapoandika Mang'ati na nyingine Mangati, au Hanang' na Hanang, kwa kuwa mashine haioni uhusiano kati ya maumbo hayo. Katika mifumo inayoihifadhi ritifaa, ile iliyonyooka na ile iliyopinda zinaweza kuhesabiwa kuwa herufi mbili tofauti. Majina ya mahali nayo hutofautiana: mji wenye hospitali ya Kilutheri huandikwa Haydom na Haidom.

Urefu wa neno ni kikwazo kingine. Neno aya katika Kiiraqw hutaja eneo na jumuiya ya watu wake, dhana iliyo kiini cha maandishi mengi kuhusu jamii hiyo, likiwamo chapisho la Robert Thornton la mwaka 1980. Katika Kiswahili aya ni fungu la maandishi au la Kurani. Kwa hiyo neno hilo peke yake huleta hati nyingi zisizohusika. Zaidi ya hayo, faharasa ya MyISAM katika MySQL, isipobadilishwa, huyaacha maneno yenye herufi chini ya 4. Mtafutaji wa aya humo hatapata chochote, na hataambiwa kwamba neno lake halikuingizwa katika faharasa.

4.3 Mipaka ya utawala

Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002 kutoka mkoa wa Arusha. Wilaya ya Babati ilitengwa na Hanang mwaka 1985, na Karatu ilitengwa na Mbulu katika miaka ya 1990. Swali Manyara NA Hanang huziacha karibu hati zote zilizoandikwa kabla ya mwaka 2002, na hati zinazobaki kutoka wakati huo huenda zinataja ziwa au hifadhi ya taifa. Jina Mbulu katika hati ya zamani laweza kujumuisha Karatu, na jina hilohilo laweza kuwa la mji, la wilaya au la jimbo la Kanisa Katoliki. Mtafutaji anapaswa kuuliza kila jina lilimaanisha nini katika mwaka wa hati.

Hata tukio la karibuni halina jina moja. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka kufuatia mvua, na watu wengi wakapoteza maisha katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Taarifa za tukio hilo hutumia mafuriko, maporomoko, tope, matope na udongo. Neno mafuriko peke yake litawaficha watafiti wa jiolojia sehemu ya taarifa wanazozihitaji.

5.0 Mfano: Ardhi ya Malisho Wilayani Hanang

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 ardhi ya uwanda wa Basotu ilianza kuingizwa katika kilimo kikubwa cha ngano chini ya shirika la umma la NAFCO, na baadaye kwa msaada wa Kanada. Mashamba hayo yalifikia takribani ekari 100,000, na sehemu kubwa yake ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO. Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa wanakijiji, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Uamuzi wa rufani umo katika juzuu ya mwaka 1985 ya Tanzania Law Reports. Jina la shauri hilo halina neno Barabaig wala ngano. Aidha, mlalamikiwa huweza kuandikwa kwa kifupisho au kwa jina kamili la shirika, na hukumu zenyewe ni za Kiingereza.

Ili kuonyesha uzito wa jambo hili, zifuatazo ni hati sita za kubuni, kila moja ikiwa na sentensi moja. Mtafiti anatafuta hati zinazohusu kupotea kwa malisho au madai ya ardhi ya Wadatooga. Zinazofaa ni nne za kwanza.

H1: Wabarabaig wa Basotu walihamishwa kupisha mashamba ya ngano.
H2: Mang'ati waliondolewa malishoni huko Hanang'.
H3: Mahakama ilisikiliza shauri la ardhi ya kijiji cha Mulbadaw.
H4: Wafugaji wa Kidatooga wanadai malisho yao wilayani Hanang.
H5: Bei ya ngano ilipanda mjini Katesh.
H6: Wakulima wa Mbulu walivuna ngano na maharage.

Swali la kwanza: Barabaig NA ngano. Jibu ni hati sifuri, kwa sababu H1 ina Wabarabaig.

Swali la pili: ngano. Jibu ni H1, H5 na H6. Hati moja kati ya tatu inafaa, na hati tatu zinazofaa zimekosekana.

Swali la tatu: (Barabaig AU Wabarabaig) NA ngano. Jibu ni H1 peke yake. Hili ndilo jibu la hatari zaidi. Kila kilichopatikana kinafaa, hivyo mtafiti huridhika. Lakini amepata robo tu ya alichokihitaji.

Swali la nne: (Barabaig AU Wabarabaig AU Mang'ati AU Datooga AU Kidatooga AU Basotu AU Mulbadaw) NA (ardhi AU malisho* AU mashamba). Jibu ni H1, H2, H3 na H4, bila H5 wala H6.

Muundo wa swali la nne ndio unaopendekezwa. Kila dhana ina mabano yake. Ndani ya mabano, maumbo na majina yote ya dhana hiyo yameunganishwa kwa AU. Na mabano yameunganishwa kwa NA. Majina ya vijiji yameingizwa katika fungu la watu kwa sababu hati za sheria hutambulisha watu kwa kijiji chao. Uamuzi huo haukutokana na kanuni ya Boole. Ulitokana na kuijua kesi. Katika kanzidata yenye lugha mbili, visawe vya Kiingereza huongezwa ndani ya mabano yaleyale.

Kiungo SI kinahitaji tahadhari ya pekee. Mtafiti anayechoshwa na habari za bei za mazao angeweza kuongeza SI ngano katika swali la nne. Angeipoteza H1, hati inayoeleza chanzo chenyewe cha mgogoro. SI haiondoi mada. Huondoa hati nzima kwa sababu ya neno moja.

6.0 Ukamilifu na Ulengaji

Wataalamu hupima utafutaji kwa vipimo viwili. Ulengaji ni sehemu ya hati zilizopatikana ambazo zinafaa. Ukamilifu ni sehemu ya hati zinazofaa ambazo zimepatikana. Swali la tatu hapo juu lina ulengaji wa asilimia 100 na ukamilifu wa asilimia 25. Mtafutaji huuona ulengaji kwa macho yake. Ukamilifu hauonekani, kwa kuwa hati iliyokosekana haijitangazi.

Ushahidi maarufu wa jambo hili ni utafiti wa David Blair na M. E. Maron uliochapishwa mwaka 1985 nchini Marekani. Mawakili waliokuwa wakiandaa kesi moja kubwa walitumia mfumo wa matini kamili wenye hati zipatazo 40,000. Walitaka kupata angalau asilimia 75 ya hati zinazohusika, na waliamini kwamba wamezipata. Vipimo vilionyesha kwamba kwa wastani walipata asilimia 20 hivi, ingawa ulengaji ulikaribia asilimia 80. Sababu kubwa ilikuwa maneno: ajali ileile iliitwa kwa majina tofauti na watu wa pande tofauti. Mawakili hao walifanya kazi katika lugha moja yenye tahajia iliyoimarika. Mtafiti wa Hanang hana nafuu hiyo.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba viungo vya Boole ni vichache na vyepesi kujifunza, na kwamba ugumu uko katika maneno yanayounganishwa. Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa kwa watafiti na wanafunzi wa uzamili. Kwanza, orodha ya majina, maumbo ya ngeli na tahajia iandaliwe kabla ya kutafuta, kwa kuwauliza wasemaji na kusoma vyanzo vya vipindi mbalimbali. Pili, kila hati inayopatikana isomwe kwa nia ya kuvuna majina mapya ya kurudisha katika swali. Tatu, ijulikane kanzidata husika inazifanyaje ritifaa, mkwaju na maneno mafupi. Neno linalojulikana kuwamo katika hati fulani litatosha kuijaribu. Nne, swali lenyewe liandikwe katika tasnifu kama lilivyoulizwa, pamoja na jina la kanzidata na tarehe.

Pendekezo la mwisho si la utaratibu tu. Dai kwamba jambo fulani halikuandikwa huweza kuathiri haki za watu, hasa pale ambapo ardhi inabishaniwa na maandishi ndiyo yanayoaminiwa. Dai hilo likitolewa bila swali lililolizaa, hakuna anayeweza kulipima. Likitolewa pamoja na swali, msomaji anayejua kwamba Mang'ati na Wabarabaig waweza kuwa watu walewale ataona mara moja ni jina gani lililosahauliwa.